Anzeni na magurudumu: siku ya familia kwenye makumbusho ya ndege

SWALI

Nina watoto watatu: binti wa miaka tisa, kaka yake wa miaka sita na mdogo wao wa miaka mitatu. Mwaka jana mimi na baba yao tuliwapeleka kwenye makumbusho ya ndege baada ya kuwaahidi wiki nzima. Saa moja haikutimia: mdogo analia, wa kati ananing'inia kwenye kamba za uzio, mkubwa anadai ndege zote ni zilezile. Sisi tulisoma vibao kwa sauti mpaka makoo yakakauka. Cha ajabu, sasa wanaomba turudi! Tufanyeje safari hii? Kusema kweli mimi sijui lolote kuhusu ndege. Halafu mdogo alikataa katakata kuingia ndani ya ile kubwa. Je, nimshike mkono tu tuingie?

JIBU

Dada yangu, watoto hawaombi kurudi mahali walipopachukia. Kuna kitu walikiona mwaka jana ambacho nyinyi wakubwa hamkukiona, na ningekuwa wewe ningeanza kwa kuwauliza ni kipi. Sitarajii wakutajie jina la ndege. Watasema "lile tairi", au "ile ngazi iliyokuwa inalia", au "yule babu mwenye funguo nyingi". Nilikuwa fundi wa ndege kwa miaka mingi kabla ya kuhamia makumbusho kutembeza watoto, na sijakutana hata siku moja na mtoto wa miaka sita aliyerudi nyumbani akisimulia ndege ilitengenezwa mwaka gani.

Kilichowaponza ni vibao. Kibao cha makumbusho kimeandikiwa mtu mzima aliyesimama, anayejua kusoma haraka, na ambaye tayari anaijua ndege kidogo. Hebu chuchumaa mara moja uwe na urefu wa mtoto wako wa miaka mitatu, ukiwa karibu na ndege kubwa ya abiria. Bawa limekuwa dari. Chumba cha rubani hakipo kabisa, kiko huko mbinguni. Kilichobaki mbele ya macho yako ni miguu ya ndege na magurudumu yake, makubwa kuliko wewe, meusi, yenye harufu ya mpira na grisi. Hapo ndipo mwanao alipokuwa amesimama wakati wewe unasoma kuhusu uwezo wa injini. Kwa hiyo safari hii anzeni na magurudumu.

Sisemi hivyo kwa kuwahurumia watoto tu. Magurudumu yana mengi ya kusema kuliko sehemu nyingine yoyote ya ndege ambayo mtu anaweza kuisogelea. Mwambie wa kati ayahesabu. Boeing 747 ina 18, Airbus A380 ina 22, na ile Antonov An-225, ndege ya mizigo iliyoteketea vitani Ukraine mwaka 2022, ilikuwa na 32. Muulize kwa nini ni mengi hivyo, kisha nyamaza. Atajibu mwenyewe kwamba ni kwa sababu ya uzito, na atakuwa amepatia: uzito ukigawanywa kwenye tairi nyingi, njia ya kurukia haipasuki.

Kisha mwonyeshe mkubwa jambo ambalo watu wazima wengi hupita bila kuliona. Tairi ya gari ina kashata zilizokatwa huku na huko, lakini tairi ya ndege ina mifereji michache tu iliyonyooka kuzunguka mpira. Kwa nini? Gari husukumwa na magurudumu yake, yanahitaji kuikamata barabara ili liende. Ndege inasukumwa na injini zake, magurudumu yanafuata tu. Mifereji ile kazi yake ni kupitisha maji ya mvua. Ndani ya tairi hakuna hewa ya kawaida, kuna naitrojeni, kwa sababu haina unyevu wa kuganda kwenye baridi ya juu wala haisaidii moto kuwaka breki zikipata joto kali. Na imejazwa kwa shinikizo la mara tano au sita ya tairi ya gari dogo. Mtoto wa miaka tisa ambaye mwaka jana ndege zote zilikuwa zilezile, ukimpa haya, atatembea hanga zima, yaani banda lote la ndege, akikagua tairi.

Mkipata ndege ya zamani yenye gurudumu dogo mkiani, kama Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, mwambie wa kati aangalie pua ilivyoinuka. Rubani aliyekaa mle, ndege ikiwa chini, haoni mbele hata kidogo. Alikuwa akienda kwa kupinda kushoto na kulia ili achungulie pembeni. Waache watoto wajaribu kutembea hivyo kwenye eneo la wazi, mikono imeziba mbele ya macho, wakiangalia kwa pembeni tu. Watagongana. Ndiyo somo lenyewe.

Baada ya magurudumu, chagueni ndege tatu. Tatu tu. Najua mmelipa kiingilio na roho inauma kuacha hanga zima, lakini uchovu wa makumbusho ni jambo linalojulikana tangu zamani: Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliandika juu yake mwaka 1916, akiwa na picha za mtu mzima anayejikunja na kuchuchumaa ili aone vitu vilivyowekwa vibaya. Kama mtu mzima alichoka, mtoto wa miaka mitatu atafanyaje? Kila mtoto achague moja kabla hamjaingia, kwenye ramani au picha. Mkifika, yule aliyechagua ndiye kiongozi wa msafara na wengine wanamfuata. Hili peke yake huondoa nusu ya ugomvi.

Kama watakuomba ushauri wa kuchagua, wasukume kidogo: moja iwe kuukuu ya mbao na nguo, moja iwe kubwa ya kuingia ndani, na moja iwe ya ajabuajabu.

Ile kuukuu ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa watoto, ingawa haing'ai. Makumbusho mengi yana mfano wa ndege ya ndugu Wright, yaani Wilbur na Orville, Wamarekani waliorusha ndege ya kwanza yenye injini. Ile halisi iko Washington, kwenye makumbusho ya anga ya Smithsonian. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville Wright aliruka nayo kwa sekunde 12, akaenda mita 36 na ushei. Usiwasomee hilo. Tafuteni mahali pa wazi, mkubwa ahesabu hatua zake ndefu 36, wa kati ahesabu mpaka kumi na mbili kwa sauti, na baba akimbie umbali huo akiwa amepanua mikono. Ndiyo safari nzima! Boeing 747 ina urefu wa mita 70, yaani safari ile ya kwanza ingeanza na kuishia ndani ya ndege moja ya leo. Siku hiyohiyo walijaribu mara nne, na mara ya nne Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260. Kisha upepo ukaipindua ndege ikiwa imesimama chini, ikavunjika, na haikuruka tena. Watoto huwa wanasikitika sana hapo, kana kwamba ni jana.

Waonyeshe pia kwamba rubani hakukaa, alilala kifudifudi. Nyonga zake zilikuwa kwenye kitanda kidogo kinachosogea. Akiusogeza mwili upande mmoja, mabawa yanajipinda na ndege inaegemea upande. Wazo la kupinda mabawa lilimjia Wilbur mwaka 1899 kwenye duka lao la baiskeli, akiwa anachezea boksi la karatasi la mpira wa ndani wa tairi. Mkiwa nyumbani chukueni boksi refu jembamba, la dawa ya meno linatosha, mfungue ncha zote mbili, mtoto alishike huku na huku na kulipinda kidogo. Upande mmoja unainuka, wa pili unashuka. Fanyeni hivyo usiku wa kuamkia safari, boksi aende nalo. Akifika mbele ya ndege yenyewe hatahitaji kibao.

Ndege nyingine za miaka ile, na zile za vita vya kwanza vya dunia, zilivalishwa kitambaa kilichopakwa dawa inayokikaza kikauke na kuvutika kama ngozi ya ngoma. Mabawa ni ngoma! Mtoto atataka kupiga. Asipige, na hapa niseme neno kuhusu kugusa. Vidole vina chumvi na mafuta, na ndege ya aluminiamu iliyoshikwashikwa na maelfu ya watu huanza kuliwa polepole, na kitambaa cha miaka mia kinaweza kupasuka kwa kidole kimoja. Makumbusho mazuri huweka kando vipande vya kushikwa: usukani, ribiti, kipande cha bawa. Ulizeni viko wapi mara tu mnapoingia, na mpelekeni wa kati huko kwanza, kabla mikono haijaanza kuwasha.

Kuna sababu nyingine ya kutochokonoa, ambayo wageni hawaijui. Saa na mita za ndege nyingi za wakati wa vita vya pili zilipakwa rangi yenye rediamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani. Rangi hiyo haing'ai tena, lakini mionzi ipo. Ikiwa nyuma ya kioo na mgeni akiwa mbali, haina la kumfanya. Ndiyo maana vyumba vingine vya rubani vimefungwa na utamwona mtoto wako ananung'unika kwamba "hawataki tuingie". Sasa utakuwa na jibu.

Ndege kubwa ya kuingia ndani. Kule Le Bourget, karibu na Paris, watu huingia ndani ya Boeing 747 na ndani ya Concorde, ile ndege ya abiria iliyokuwa inakwenda kasi kuliko sauti. Seattle wana 747 ya kwanza kabisa kutengenezwa, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1969. Sinsheim, Ujerumani, wameipandisha Concorde pamoja na Tupolev Tu-144, mwenzake wa Kirusi, juu ya paa, unapanda ngazi kuzifikia. Sasa, mkiingia ndani ya Concorde, binti yako atakuambia ni ndogo na madirisha yake ni madogo kama kiganja. Mwambie kwamba ikiwa angani, kwa kasi ya mara mbili ya sauti, ilikuwa inapata joto mpaka bodi linarefuka kati ya sentimita 15 na 25. Kwenye chumba cha rubani ulikuwa unafunguka mwanya kando ya paneli ya injinia, na mainjinia walipenda kuchomeka kofia zao humo. Ndege ikipoa, mwanya unafunga. Hadithi hii sijawahi kuisimulia mtoto asiniombe nimwonyeshe mwanya uko wapi.

Kwenye ndege ya abiria ya kawaida mpeleke kila mtoto dirishani. Kuna tundu dogo sana sehemu ya chini ya kioo. Wengi hudhani ni ubovu. Dirisha lina vioo vitatu, na tundu hilo kwenye kioo cha kati linasawazisha shinikizo, ili kile cha nje ndicho kibebe mzigo. Pia linazuia ukungu usitande. Kisha muulize mkubwa kwa nini dirisha halina pembe. Hapa kuna historia nzito. Mwaka 1954 ndege mbili za Comet, za kwanza za jeti kubeba abiria, zilivunjika zikiwa hewani. Wachunguzi Uingereza walilizamisha bodi la ndege ya aina hiyo ndani ya tangi kubwa la maji, wakalisukuma na kulilegeza kwa shinikizo tena na tena mpaka likapasuka, na wakaona nyufa zinaanzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa kwenye bodi. Chuma kilikuwa kimechoka. Ukiwa na kibanio cha karatasi cha waya mfukoni, mpe akikunje na kukikunjua mpaka kikatike mkononi mwake. Ataelewa uchovu wa chuma kuliko mwanafunzi wangu mmoja wa ufundi niliyemfundisha muhula mzima.

Na ile ya ajabuajabu waachie wenyewe. Helikopta, ndege ya kutua majini, chochote. Kama ni helikopta, waulize kale kapangaboi ka mkiani ni ka nini. Pangaboi kubwa la juu likizunguka upande mmoja, bodi nalo linataka kuzunguka upande wa pili. Kale kadogo ndiko kanakalishikilia. Mzungushe wa kati kwenye kiti cha ofisini akiwa amenyoosha mikono, mengine yatakuja yenyewe.

Ikiwa binti yako ni wa kupenda mambo ya kasi na siri, mtafutie SR-71, ndege ya kijasusi ya Marekani. Ile iliyoko Chantilly, Virginia, kwenye jengo la pili la makumbusho ya Smithsonian, ilivuka Marekani kutoka Los Angeles hadi Washington tarehe 6 Machi 1990 kwa saa 1, dakika 4 na sekunde 20, na hapohapo ikastaafu. Ndege ya aina hiyo ikiwa chini ilikuwa inavuja mafuta kama ndoo kuukuu, maana vipande vya bodi vilikuwa na nafasi ya kupanukia kwenye joto la angani. Watoto hufurahi sana kusikia kwamba kitu cha ajabu namna ile kilikuwa kinavuja.

Au ile ya Charles Lindbergh, aliyetoka New York akatua Le Bourget tarehe 21 Mei 1927 baada ya saa 33 na nusu peke yake. Mbele ya rubani pana tangi la mafuta. Hana kioo cha mbele! Waulize aliona vipi. Alichungulia madirisha ya pembeni na alikuwa na periskopu ndogo, kifaa chenye vioo cha kuchungulia mbele. Pia aligombana na usingizi njia nzima, jambo ambalo mzazi wa watoto watatu atalielewa bila maelezo.

Sasa hili la kwamba hujui lolote. Kwa siku kama hii, kutojua ni faida. Mzazi anayejua hujibu kabla mtoto hajamaliza kuuliza, na mtoto akishajibiwa anageuka kwenda kwingine. Wewe sema "sijui, hebu tuangalie", kisha tafuta mtu. Kwenye makumbusho ya ndege utawakuta wazee wanaojitolea, wengi wao mafundi au marubani waliostaafu, wamesimama karibu na ndege fulani kwa sababu waliishi nayo. Wanatamani kuulizwa. Usiwaulize "tueleze kuhusu ndege hii", watakueleza kwa nusu saa na mdogo atalia. Waulize "wewe ulikuwa unaingilia mlango gani?" au "kitu gani kilikuwa kinaharibika kila mara?" Swali la pili ni dhahabu. Hakuna fundi asiye na donge na sehemu moja ya ndege yake.

Lipo jambo moja tu ninaloomba usiwaambie watoto, hata ukilikuta limeandikwa ukutani: kwamba ndege hupaa kwa sababu hewa ya juu ya bawa ina safari ndefu zaidi, hivyo hukimbia ili ikutane na mwenzake wa chini nyuma ya bawa. Hazikutani. Hewa ya juu kwa kweli hufika mapema zaidi, hakuna miadi yoyote. Ni kweli inakwenda kasi na shinikizo la juu hupungua, lakini sababu si hiyo ya urefu wa njia. Kwa mtoto inatosha kusema bawa linaisukuma hewa ichepuke kwenda chini, nayo hewa inalisukuma bawa kwenda juu. Mbele ya feni mpe kipande cha kadibodi akishike kimelala, kisha akiinue kidogo upande wa mbele. Atausikia mkono unapaa. Akizidisha kuinua, atausikia mkono unarudishwa nyuma tu bila kupaa, na hapo atakuwa ameanza kuelewa kwa nini rubani hainui pua anavyotaka.

Injini ya jeti nayo ni maneno manne: inavuta, inakandamiza, inawasha, inasukuma. Ongeza tu kwamba kwenye injini zile nene za ndege za abiria, hewa nyingi haipiti motoni hata kidogo, inasukumwa na lile pangaboi kubwa la mbele na kuzunguka nje ya moto. Katikati ya pangaboi hilo mara nyingi pamechorwa alama nyeupe iliyojizungusha kama ganda la konokono. Ni ya kuwaonya wafanyakazi wa uwanjani: ukiiona inazunguka, injini inafanya kazi, kaa mbali.

Na kisanduku cheusi? Ni cha rangi ya machungwa, ili kionekane kwenye mabaki. Aliyebuni kile cha kurekodi sauti za chumba cha rubani ni David Warren wa Australia, mtu aliyempoteza baba yake kwenye ajali ya ndege akiwa mtoto wa miaka tisa. Umri wa binti yako, kwa hiyo pima mwenyewe kama ni hadithi ya kumpa.

Kwa binti huyohuyo ningeongeza Bessie Coleman. Shule za urubani Marekani zilimkataa, ni mwanamke na ni mweusi. Akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, akapata leseni yake Juni 1921. Picha za marubani wa kale ukutani karibu zote ni za wanaume, na mtoto wa miaka tisa huona hilo hata asiposema.

Vita hamtavikwepa. Sehemu kubwa ya ndege kwenye makumbusho haya zilitengenezwa ili kuua watu, na mtoto wa kati, siku moja akiwa mbele ya bomu lililopakwa rangi vizuri, atauliza liliua nani. Mwaka mmoja nilimsikia baba mmoja akijibu kwamba "lilikuwa la kutishia tu". Mtoto hakuridhika, nami sikuridhika. Jibu fupi la kweli linamtosha: ndege hii ilitumika vitani, ilidondosha mabomu, na watu walikufa, wakiwemo watoto. Kisha ngoja. Wengi hunyamaza kidogo, wakauliza jambo moja, wakaenda zao. Mkifika mbele ya Enola Gay, ndege ya Marekani iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, usiipite kama ndege nyingine ya kung'aa. Na usimsimamishe mdogo hapo kwa picha ya kucheka.

Mambo ya mpangilio nitayapitia haraka. Fikeni mlango unapofunguliwa, hanga zikiwa tupu na mwangwi haujawa mkali. Piga simu kwanza kuuliza kama siku hiyo watawasha injini yoyote. Kama ndiyo, nunua vile vizuia sauti vinavyofunika masikio yote kwa watoto wote watatu, maana injini ya zamani ikiwaka karibu si sauti ya kuvumiliwa na sikio changa. Hanga ni bati na chuma: siku ya baridi ndani ni baridi kuliko nje, na siku ya joto ni tanuri. Wavalishe nguo za kuvua na kuvaa. Kigari cha mtoto beba, lakini ujue hakipandi ngazi za ndege. Kula kabla ya njaa. Kama kuna mashine ya kuiga urushaji wa ndege, uliza kimo kinachoruhusiwa kabla hujamtajia mtoto yeyote, na isiwe baada ya chakula. Duka la kutokea, kubalianeni nyumbani: kitu kimoja, au hakuna.

Angalia vichwa. Mabawa ya ndege ndogo yana ncha za nyuma nyembamba, na mbele kuna kijibomba cha kupimia kasi ya hewa kinachojitokeza kwenye paji la uso la mtu mzima. Watoto wanapita chini salama. Mnaoumia ni nyinyi. Na rafadha, lile pangaboi la mbele la ndege ndogo, haizungushwi hata ikionekana imekufa. Sisi mafundi tunafundishwa hivyo siku ya kwanza: injini ya pistoni inaweza kuwaka ghafla na kuizungusha bila ufunguo wala rubani.

Mkishakaa ndani kwa muda wa saa moja na nusu, tokeni nje hata kama wanacheka. Makumbusho mengi ya ndege yako kando ya uwanja unaotumika hadi leo, kama Duxford kule Uingereza, au lile la Seattle. Kaeni kwenye uzio mtazame ndege hai ikitua. Sasa rudini kwenye tairi: magurudumu yanapogusa lami unatoka moshi. Muulize wa kati kwa nini. Yalikuwa yamesimama, na kufumba na kufumbua yanatakiwa yazunguke kwa kasi ya ndege. Kwa nukta hiyo yanaburuzika kabla hayajazunguka, na mpira unaungua kidogo. Yale aliyoyahesabu asubuhi yamepata kazi yake.

Nimelibakiza la mdogo. Usimshike mkono mkaingia. Mlango wa ndege kwa kimo chake ni shimo jeusi juu ya ngazi za chuma zenye matundu, anaona ardhi chini ya miguu yake, na ndani sauti za watu zinavuma. Mimi mwenyewe nina kaka mtu mzima asiyependa ngazi hizo. Mwachie mzazi mmoja abaki naye chini kwenye magurudumu, wengine waingie. Dada yake akifika dirishani apunge mkono, naye atafute ni dirisha la ngapi. Kisha wote washuke, wabadilishane mzazi, na binti amweleze mdogo wake alichokiona: viti, choo kidogo, lile tundu kwenye kioo. Choo ndicho kinachowavuta wengi. Akisema anataka kukiona, apande mbele yako kwa miguu yake, wewe nyuma, na akigeuka katikati ya ngazi mshuke bila maneno. Nimewaona wanaopanda dakika kumi baadaye, na wapo waliopanda mwaka uliofuata.